Arusi Bila Siwa

Dada yangu aliolewa bila siwa, na mpaka leo sijui nimlaumu nani, au kama yuko wa kulaumiwa. Siwa ni ile pembe kubwa iliyokuwa ikipulizwa kwa amri ya wafalme wa Pate. Wafalme walipokwisha, Wazungu waliiweka ofisini mwao Amu, na sisi wa ukoo wa wapulizaji tukawa watu wa kuomba ruhusa.

Baba alivuka maji kwenda Amu kuiomba. Mimi sikuwepo; naandika alivyotusimulia. Bwana mkubwa wa Kizungu alimpa kiti, akasema siwa ataipata, ila kwanza aipulize palepale, naye asikie. Naamini hakukusudia ubaya.

"Siwa si ya kutezea, Bwana," baba akajibu. "Hulia kwa arusi na kwa maiti ya mfalme. Hapa nani kaoa? Nani kafa?"

Karani aliyekuwa akifasiri, Mhindi kutoka milima ya theluji, hakuyafasiri hayo. Alimtoa baba nje, barazani.

"Mzee, puliza tu uende zako. Kwetu pia tuna mfalme, na nchi yake ndogo, na Mzungu kando yake. Mgeni mmoja wa Kizungu alitaka kuisikia ngoma ya msiba. Ikapigwa. Watu wakateremka kutoka mashambani wakilia, wakamkuta mfalme anakunywa chai."

"Akawaambiaje?"

"Warudi makwao. Alipokufa kweli ngoma ikapigwa. Wengi hawakuja."

Nadhani karani alitaka kumlegeza. Baba ndipo alipokaza. Akarudi mikono mitupu.

"Ungepuliza mara moja ungekufa?" bibi yangu, mama yake baba, alimfokea. "Huyu mtoto ataolewa kama aliyeokotwa?"

Huenda bibi alikuwa na haki. Kila nikifikiri naona yeye na baba wote wawili walikuwa nayo.

Dada hatukumwambia. Hakuna aliyethubutu.

Kwetu siwa hulia bwana arusi akikanyaga kizingiti, na hapo ndipo bibi arusi hujifunika uso. Siku ile nilikaa naye ndani. Vigelegele vilipanda, viatu vikavuliwa mlangoni, naye bado uso wazi, kainamisha kichwa, anasikiliza.

"Kwani hawayafika?" akaniuliza.

"Wamefika."

Akanitazama. Nyayo zilikuwa zimeshaingia ukumbini. Nikaushika ushungi wake, nikamfunika mimi.