Watoto Thelathini Wanawasha Pamoja

Ofelia Barragán aligawa chakula cha mchana katika shule moja ya San Jose kwa miaka kumi na minane kabla ya kuajiriwa na kampuni ndogo ya programu. Kazi yake mpya ilikuwa kubonyeza kila kitu mpaka kigome, kisha kuwaambia vijana walioandika programu walipokosea. Aliipatia mno, mpaka vijana wakawa wakimwona anakuja wanajifanya wanaongea na simu.

Mwaka 1997 walitengeneza programu ya kuandikia, ya kompyuta zisizo na diski. Kompyuta hizo ndani ni tupu. Ukiwasha moja, huomba kila kitu kwenye kompyuta kuu kupitia waya. Bei yake chini. Ofelia mwenyewe ndiye aliyembembeleza mwalimu mkuu wa shule yake ya zamani azijaribu thelathini. Zikishindwa Jumatatu, zinarudishwa, na watoto wale hawapati nyingine.

Jumatatu, saa mbili asubuhi, watoto wakaziwasha zote kwa mpigo. Skrini zikabaki nyeupe. Dakika tano. Kumi.

"Ofisini ilifunguka kwa sekunde nne!" Khanh, kijana aliyeiandika programu, alikuwa anatoka jasho.

"Ofisini uliwasha peke yako, mwanangu. Saa ya chakula umewahi kuona mtoto mmoja kwenye foleni?"

"Mama Ofelia, hapa si jikoni."

"Ndiyo maana pamekushinda."

Watoto wakacheka. Mwalimu mkuu hakucheka. "Mpaka kengele ya saa nne, Ofelia. Zaidi ya hapo sina."

Ofelia akavuta kiti. "Ikiwashwa, inaomba nini?"

"Programu nzima. Herufi, rangi, kamusi, picha, majedwali..."

"Majedwali! Darasa la pili! Mimi sikumwekea mtoto keki kabla hajashika sahani. Mpe karatasi na herufi. Mengine aje kuomba mwenyewe."

 Khanh akainamia kompyuta kuu, akaanza kuigawa programu vipande vipande.

Saa nne kasorobo wakawasha tena. Zikafunguka ishirini na tisa. Kwa ya thelathini, Ofelia aliinama chini ya meza, akachomeka waya wake.

Msichana mmoja akaandika jina lake, akabonyeza rangi nyekundu.

"Haiji," akalalamika.

"Subiri, iko njiani."

Ikaja. Kengele ikalia, hakuna mtoto aliyesimama. Mwalimu mkuu akawatazama, kisha akamgeukia Khanh.

"Na darasa la tatu," akauliza, "wataletewa zao lini?"