Rangi Mbichi

Duifje Polak aliletwa shambani kwangu Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, akiwa na miaka kumi na sita, wakati Wajerumani walipokuwa wakiwazoa Wayahudi wa Amsterdam mtaa kwa mtaa. Nilimficha nyuma ya kitanda changu kilichojengwa ndani ya ukuta, mahali finyu ambapo hata ndama angelalamika. Humo aliandika shajara yake. Siku nyingine aliandika neno moja tu: naogopa. Mimi pia niliogopa, na atakayesema hakuogopa ni mwongo.

Akionekana kwa bahati mbaya, tulisema yeye ni Tineke, mpwa wangu aliyepoteza nyumba kwa mabomu. Nikamfundisha sala zetu za Kikristo za mezani, akazijua kuliko mume wangu. Mkono wake sikuufikiria. Kwao Wayahudi hubandika maneno ya Mungu kwenye mwimo wa mlango, na anayeingia huyagusa, kisha hubusu vidole.

Alasiri moja alikuwa zizini akikamua, Jelle, polisi wa kijiji chetu, akaingia jikoni bila hodi. Mara Duifje huyo, na ndoo ya maziwa. Mkono ukapanda wenyewe, ukagusa mwimo mtupu, vidole vikaenda mdomoni.

"We mtoto!" nikafoka. "Nimekwambia mara ngapi rangi haijakauka? Na sasa unailamba!"

"Samahani, shangazi." Akaiweka ndoo chini.

Jelle akauendea mlango, akapitisha kidole kwenye mwimo. Rangi ile ilikuwa kuukuu kuliko ndoa yangu. Akakitazama kidole kikavu, akamtazama Duifje. Nilikuwa nimeshika kisu cha viazi, sijui cha nini.

"Kweli, bado mbichi," akasema, akikifuta kwenye suruali. "Paka tena leo, Mama Hoekstra. Kesho nakuja na wakubwa, na wao hawana utani."

Tukapaka. Kesho yake walikuja kweli. Mjerumani mmoja akachafua koti, akanitukana hadi marehemu mama yangu. Nyuma ya kitanda, Duifje aliing'ata shajara ili asilie.

Vita vilipokwisha alikwenda Amsterdam kuwatafuta wazazi na kaka zake. Akarudi peke yake. Nilikuwa jikoni nikimenya viazi. Alisimama mlangoni, akaugusa mwimo, akabusu vidole, akakaa hapo hapo kizingitini akilia kwa sauti. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti ya kilio chake.