Siku Sayyida Alipofuatwa Ibra

Mwezi uliopita nilikwenda Ibra, huku huku Omani, na wanangu kutoa mkono wa pole kwa jamaa wa mume wangu. Wakati wa kurudi tukakata njia nyuma ya mashamba ya mitende, na pale penye ukuta wa udongo ulioanguka nikasimamisha gari. Nilijiona nina miaka minane tena.

Wewe hukuijua nyumba iliyokuwa pale, basi nikwambie. Walikuwa wakikaa wanawake watupu, wajane na wasio na jamaa, wengi wao wamekuja kutoka Unguja kama sisi. Mkubwa wao alikuwa binti wa mfalme. Kazaliwa kasri, kalelewa na watumishi, kisha alipotakiwa aolewe na binamu yake akakataa, akaomba apewe nyumba kongwe ya babu yake akae na ibada. Tukimwita Sayyida. Akivaa kanga kuukuu, akifagia ua mwenyewe, asubuhi akiwasomesha Kurani watoto wa mtaani, na hapana mle ndani asiyemtii, ingawa sikumsikia hata siku moja akipandisha sauti.

Baba alinipeleka pale mama alipolazwa hospitali Maskati. "Siku chache tu," alisema, akaondoka hata chai hakunywa. Siku zikawa wiki. Nikichambua mchele, nikikung'uta mikeka, nikiosha vikombe kwenye falaji, ule mfereji uliopita nyuma ya jiko, na kila gari lililosikika nje nilidhani linaniletea habari ya kifo. Mpaka leo harufu ya mkate wa ufuta hunitia baridi mgongoni, kwa sababu ndio uliokuwa jikoni asubuhi ile.

Gari lilikuwa jeusi. Aliyeteremka ni kaka yake Sayyida. Mpishi wetu, bibi mmoja mnene, alichungulia kwenye upenyo wa mlango akajishika kifua.

"Wamekuja kumchukua! Akiondoka huyu, nyumba itafungwa, sote tutatawanywa."

Mimi nilisikia jambo moja tu: baba akija, hatanikuta. Nikakimbia nikatia komeo, nikaegemeza mgongo mlangoni. Kaka akapiga mlango kwa kiganja, na kila pigo likaniingia mbavuni.

Sayyida akaja, miguu mitupu. "Fungua, mwanangu."

"Naogopa."

"Hata mimi naogopa," alisema. Akanishika mkono kunitoa pale, akafungua komeo mwenyewe. Neno lake hilo lilinitisha kuliko mapigo yote.

Kaka hakuingia. Alisimama nje, macho chini. "Mama yu mahututi, anakutaka. Lakini ujue, ukija ndio umerudi nyumbani. Huku basi tena."

"Nitakuja kumwona mama," alijibu. "La kukaa, siahidi."

Akavaa buibui lake, akaingia garini. Hakutuaga.

Siku tisa nyumba ilikaa kama imefiwa. Watu wakinong'ona tu. Mpishi alitia chumvi mara mbili kwenye mchuzi, tukala hivyo hivyo. Wawili wakaanza kufunga vifurushi vyao. Mimi sikuvua viatu hata wakati wa kulala.

Siku ya kumi, baada ya sala ya alasiri, ikasimama pikapu ya vitunguu. Sayyida alikuwa nyuma, baina ya magunia, vumbi mpaka kwenye kope. Kaka yake hakumpa gari la kumrudisha. Nilimkimbilia.

"Shikamoo, Sayyida. Mama yako amepona?"

"Marahaba. Hakupona."

"Na wangu?"

Mwengine angenidanganya. Yeye alichuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. "Wako sijui, mwanangu. Njoo tumwombee."

Mama alipona. Baba alikuja naye mwezi ule ule kunichukua, mama kakonda, kajifunika shali, na nililia kwa kwikwi mpaka nikatapika.

Miaka mingi baadaye mpishi, keshazeeka haoni tena, alinambia lililobaki. Mama yake Sayyida alimtaka aape kwamba harudi Ibra. Hakuapa. Mama akageuza uso ukutani, Sayyida akatoka chumbani, na mama akafa bila ya kumpa radhi. Sisi tulimshukuru Mungu kwa kurudi kwake, tukamwona hana khofu ya mtu, kumbe kaja na khofu kubwa kuliko zetu zote, akaishi nayo mpaka alipozikwa.

"Nikimsikia akilia kwenye msala," mpishi alisema, "na mimi nikilia jikoni. Kwa sababu yetu, mwanangu. Kwa sababu yetu."

Sasa paa limeanguka, mfereji umekauka, na mtende umeota katikati ya chumba cha kusomea. Wale wanawake wote wako kaburini, na Kiswahili chao kile wanangu wanakisikia nusu, wananijibu kwa Kiarabu. Niliwaambia kwamba hapa alikaa binti wa mfalme. Mdogo akatazama yale magofu, akacheka, akauliza kasri yenyewe iko wapi.

Mimi nilikuwa namuwaza yule mama yake Sayyida, na uso wake ukutani, nikijiuliza kama alisikia mlango bintiye alipotoka.