Gari Lililoishiwa Mafuta Kila Likikata Kulia

Baba alikuwa akitafuta nini ndani ya buti la gari asubuhi ile ya harusi? Alikuwa ameinama, mikono imeshika ukingo, kanzu yake mpya inapangusa vumbi la bampa, na sanduku la bibi harusi liko chini miguuni pake likingoja kupakiwa. Nilimwuliza. "Sitafuti kitu," akasema, akaendelea kutafuta. Mimi niliyezoea kuuliza mpaka watu wakanikimbia, swali hilo moja lilinishinda.

Gari lilikuwa la shangazi yangu, mdogo wake Baba. Mumewe alipofariki alimwachia gari dogo moja kuukuu, rangi ya maziwa, na alipotoka eda jambo la kwanza alilofanya ni kwenda kujifunza kuendesha. Malindi ya miaka ile ya themanini, ungeweza kuwataja barazani wanawake wote walioshika usukani na kahawa yako isipoe. Kila alfajiri shangazi alijaza sambusa na vitumbua kwenye kiti cha nyuma akavipeleka mahotelini Watamu. Bila gari, vitumbua vile vingeishia mlangoni pake.

Nilikuja likizo kutoka chuo kikuu Nairobi nikalikuta gari lina vituko. Ukiwasha indiketa ya kulia, mshale wa mafuta ulianguka mpaka mwisho; ukinyoosha njia, tangi likajaa tena. Ukiwasha taa kubwa, honi ililia kama paka aliyekanyagwa mkia kidogo tu. Waipa zilifika nusu ya kioo zikasimama kama zimekumbuka jambo. Na asubuhi ukizungusha ufunguo husikii ila "tik", basi jirani wanatoka na misuli yao kusukuma.

"Lina jini," alisema jirani mmoja, anatweta.

"Jini lenyewe halipendi kulia," shangazi akamjibu. "Nitakuwa nakata kushoto tu."

Na kweli, kwa muda alikwenda sokoni kwa kuzunguka kushoto, kushoto, kushoto, mpaka mji ukamzoea.

Baba alifundisha sayansi katika shule ya msingi. Alicheka hirizi, alicheka maji ya kombe, alicheka pete za bahati. "Umeona kwa macho yako au umesikia?" Hilo ndilo swali alilonilea nalo. Habari ya jini hakuitaka masikioni mwake. Alichoamini ni kwamba gari lile siku moja litamuua mdogo wake, na alitaka liuzwe.

Sasa binti yake shangazi akaposwa Mnarani, ng'ambo ya ule mkono wa bahari wa Kilifi. Daraja lilikuwa bado. Watu na magari walivuka kwa feri. Shangazi akatangaza kwamba mwanawe atampeleka mwenyewe.

"Kwa gari hilo?" Baba akauliza.

"Kwa gari hilo, kaka."

"Bibi harusi wetu apelekwe anasukumwa?"

"Halitasukumwa."

"Haya. Mbele ya msomi huyu: likimfikisha Mnarani bila kusukumwa, mdomo wangu naufunga. Likisukumwa hata hatua moja, nalipeleka kwa mnunuzi."

"Nimekubali," akasema shangazi, kisha akanigeukia. "Umesikia, mama? Una mpaka Jumapili."

"Mimi? Mimi nasoma falsafa, shangazi!"

"Si ndiyo kazi yenu kuuliza? Haya, liulize."

Nikaliuliza. Nilichomoa balbu ndogo ya taa ya ndani, nikaifunga nyaya mbili, ikawa ndiyo macho yangu. Popote nilipogusisha waya, balbu ikiwaka, umeme umefika. Nikaanza na fyuzi, nikaja kwenye swichi, nikalala chini ya boneti mpaka nikafika kwenye stata. Iliwaka. Honi, iliwaka. Waipa, iliwaka. Nikaazima betri ya jirani, nikaitia, nikazungusha ufunguo. Tik. Umeme ulifika kila mahali na hakuna kilichofanya kazi. Lilikuwa kama ofisi ya serikali.

"Limejibu nini?" shangazi aliuliza kutoka jikoni, karai linachemka.

"Linanidanganya."

"Basi na wewe lidanganye."

Nikakaa kizingitini na embe bichi la pilipili, nikaanza tena toka mwanzo. Nilikuwa nimeuliza umeme unafikaje. Sikuwa nimeuliza unarudije. Katika gari, umeme hutoka kwenye betri kwa waya, lakini hurudi kwa kupitia mwili wenyewe wa gari, chuma kwa chuma, kisha huingia kwenye betri kwa waya mmoja mnene mweusi. Gari lile betri yake ilikaa nyuma, ndani ya buti, na waya huo ulifungwa kwa bolti kwenye kona ya kulia, pamoja na nyaya za taa ya nyuma na za tangi la mafuta. Kwa hiyo nikaweka mguu mmoja wa balbu kwenye kichwa cha betri cha hasi, mwingine kwenye chuma kitupu cha gari. Kati ya sehemu hizo mbili balbu haina haki ya kuwaka, maana zinatakiwa ziwe kitu kimoja.

"Shangazi, zungusha ufunguo!"

Akaja na unga mikononi, akazungusha. Tik. Na balbu yangu ikawaka, nyekundu, nzuri, kama macho ya mtu aliyeshikwa uongo. Nilipiga ukelele. Shangazi naye akapiga ukelele bila kujua wa nini.

Nikafunua mkeka wa mpira pale konani. Bolti ilikuwa imevimba kutu, kijani na kahawia, inamenyeka ukiigusa. Na juu yake kulikuwa na kifurushi kidogo cha kitambaa cheupe, kimefungwa fundo, kimelowa chapa. Chini yake kulikuwa na nyuzi zilizooza za vifurushi vingine vilivyotangulia. Nikakipasua kwa bisibisi. Chumvi ya mawe, ile inayovunwa Marereni.

Pwani kwetu hakuna asiyejua chumvi ya kufunga kitambaani ni ya nini: husuda, jicho baya, shari isiyo na jina. Lakini hewa yetu ina maji, na chumvi huyanywa, kisha hutoka jasho. Jasho lile lilikuwa likidondokea bolti. Gari likifanya vituko, mtu aliongeza chumvi. Chumvi ikiongezeka, vituko vikazidi. Nilikaa chini ya jua nikacheka mpaka mbavu zikaniuma.

"Shangazi, ni wewe?"

"Wallahi si mimi! Ningeweka mimi ningekwambia, tena ningekupa na wewe uende nayo Nairobi."

"Nani basi?"

"Anayenichukia."

"Anayekuchukia anakuwekea kinga?"

Akafikiri. "Basi anayenipenda."

"Anayekupenda anakuharibia gari?"

"Ewe mtoto! Hujui watu wewe." Akarudi nyuma hatua. "Itoe."

"Si la kwako gari?"

"Wewe huamini, haitakudhuru. Itoe."

"Na kama kweli ilikuwa inakukinga?"

"Hapo ndipo utakapoanza kuamini. Itoe, nina vitumbua motoni!"

Nikaitoa kwa vidole viwili. Viwili tu, kwa sababu za kisayansi. Kisha nikaosha kona ile kwa maji ya mtungi, nikaikausha, nikaikwangua kwa kisu na msasa mpaka chuma kikang'aa, nikakaza bolti, nikaipaka grisi. Nikazungusha ufunguo na injini ikanguruma kabla sijawa tayari. Shangazi alinisukuma kando, akashika usukani na unga wake, akazunguka uani akikata kulia, kulia, kulia, kuku wanaruka, naye macho yako kwenye mshale. "Mafuta yapo!" alipiga kelele. "Jamani, mafuta yapo!"

Ndiyo maana Jumapili buti lilikuwa safi vile, na ndivyo nilivyomkuta Baba ameinama.

"Nani amefagia humu?" hatimaye aliuliza.

"Mimi, Baba. Waya wa betri ulishika kutu."

"Na takataka?"

"Nimetupa."

Akakohoa. "Vizuri," akasema, kwa sauti isiyoona uzuri wowote, akapakia sanduku.

Alikaa mbele kando ya shangazi. Nyuma tulimweka bibi harusi katikati, amefunikwa, mimi upande huu na sanduku la pili upande ule. Njia nzima midomo ya Baba ilikuwa ikichezacheza. Nikasema moyoni, mzee anaona ameshindwa. Shangazi aliwasha indiketa ya kulia hata barabara iliponyooka, kwa raha zake tu, na bibi harusi chini ya shela akawa anacheka mpaka nikamfinya.

Kilifi tulizima injini kwenye foleni, tukawasha, tukapanda feri, tukazima. Katikati ya maji Baba aligeuka kuliangalia buti, kana kwamba lina mtu. Feri ikagusa upande wa Mnarani, mlango ukashuka, magari ya mbele yakatoka. Zamu yetu. Nyuma yetu kulikuwa na lori, na vijana wake walikuwa wamekwishashuka, wanakunja mikono ya mashati, wanatazama bampa letu.

Shangazi akazungusha ufunguo.

Gari liliwaka mara moja. Sijui nani alianza vigelegele. Nadhani ni bibi harusi mwenyewe, na haikuwa adabu. Shangazi akaibana honi na honi ikatoka na sauti yake yote ya ujana.

"Mama, punguza!" kijana mmoja wa lori alipiga kelele. "Utamtia bibi harusi uziwi!"

Baba alivua kofia akajipangusa uso. "Haya," akasema. "Nimefunga mdomo."

"Sikusikia, kaka! Gari linanguruma!"

"Nimefunga mdomo!"

Na kweli aliufunga. Shangazi aliendelea kupeleka vitumbua Watamu kwa miaka mingi, akikata upande autakao.

Nilipokuja kununua gari langu la kwanza, nilikwenda nalo Malindi kumwonyesha Baba. Alikuwa sasa anatembea na bakora. Alilizunguka, akapiga magurudumu, kisha akaniambia nifungue buti. Kutoka mfuko wa kanzu akatoa kifurushi kidogo cheupe chenye fundo lile lile, safari hii kimezungushiwa nailoni na kubanwa kwa mpira.

"Hii usiiweke karibu na nyaya," akasema. "Ile ya shangazi yako niliiweka pabaya."