Gari Lililovuliwa Kofia

Mnadani huulizi. Hilo nililijua kabla sijajua kusoma saa vizuri. Ukiuliza kitu kimetumika wapi, kimebeba nini, kimeachwa kwa nini, umeshaonyesha kwamba unakitaka, na wenzako watakupandishia kwa makusudi. Unazunguka, unapiga tairi teke, unalala chini unatazama chesesi, unatema mate, unaondoka kama mtu aliyechoshwa. Dalali akigonga kengele ndipo unafungua mdomo.

Kwa njia hiyo nilijenga nyumba yangu ya Kalangalala, pale Geita. Milango ilitoka kwenye ofisi ya serikali iliyovunjwa, mabati yalitoka kwenye ghala la pamba, na kitanda nilicholalia na mke wangu kilikuwa cha bwana shamba mmoja aliyehamishwa. Shule niliishia darasa la pili. Mwalimu alikuwa anapiga sana, na mimi nilikuwa na ng'ombe wa kuchunga. Sijuti. Wale walioendelea na darasa la tatu nimewauzia milango.

Wakati ninaousema, watu walikuwa wametoka kuhamishiwa vijijini. Ukishapita Kahama kuja Geita, barabara ilikuwa na mahame kila upande, nyumba zisizo na paa, mihogo inayoota yenyewe, na mbwa ambao hawakuwafuata wenyewe. Vijiji vipya vilikuwa vimewekwa ndani zaidi, na watu walitaka usafiri wa kwenda hospitali, mnadani, stesheni Isaka. Ingawa mgodi wa Wazungu ulikuwa umefungwa, wachimbaji walikuwa bado wanazunguka na vifurushi vyao. Nikaona hapa panatakiwa gari.

Niliuza ng'ombe wote. Nasema wote, hata yule jike mwekundu aliyebaki kwenye urithi wa mama yangu. Mke wangu alisimama kwenye boma tupu akaniuliza, "Baba watoto, hili gari likikataa, tutakula nini?"

"Tutakula abiria," nikamwambia.

Hakucheka.

Mnada ulikuwa Shinyanga, kwenye yadi ya serikali, asubuhi. Gari lilikuwa pembeni, la kijivu, bodi ndefu, turubai nyuma. Nililala chini yake nikaona chesesi nzima, springi nzima. Alikuwapo mfanyabiashara mmoja wa Kihindi ambaye tulikuwa tumenyang'anyana vitu kwenye minada mingi, na mara nyingi alikuwa ananishinda.

"Hilo unalitaka?" akaniuliza.

"Nalitazama tu."

"Haya, tazama," akasema, akaenda zake upande wa mashine za kusaga. Nikafurahi moyoni. Nikadhani leo amelala usingizi.

Dalali alipolitaja nikanyosha mkono kwa bei ambayo hata mimi niliionea haya. Nikangoja. Hakuna aliyesema neno. Yadi nzima ilikuwa imejaa watu, na wote walikuwa wanatazama viatu vyao. Dalali akagonga kengele haraka haraka, bila maneno yake ya kawaida ya kutuchochea. Nikajua nimeheshimiwa. Nilipofika getini na gari langu, mlinzi akafungua, akavua kofia. Nikampa sigara. Aliipokea kwa mkono mmoja, ule mwingine umeshika kofia kifuani, na hakuirudisha kichwani mpaka nikawa mbali.

Gari lilikuwa na kilema kimoja tu. Likiingia gia ya tatu, giaboksi ilikuwa inalia, sauti nyembamba na ndefu, kama mtu anayelia huku amefumba mdomo. Nikasema sauti hainywi petroli, twende.

Pale Isaka, wapakiaji wa stesheni walikuwa wanapandisha magunia. Nilipokaribia wakayatua yote kwa pamoja, wakachuchumaa. Nikapiga honi kuwasalimu. Hakuna aliyeinua mkono. Mbele kidogo mwenye baiskeli akashuka, akavua kofia, akachuchumaa kando ya gurudumu lake. Wanawake waliokuwa wametoka kisimani wakatua ndoo, wakakaa chini, wakageuzia nyuso mchangani. Ikawa hivyo kijiji hadi kijiji.

Sisi Wasukuma, na hata jirani zetu wa magharibi, tunajua maana yake. Maiti ikipita njiani unashuka kwenye baiskeli, unavua kofia, unachuchumaa mpaka ipite. Mimi nimefanya hivyo tangu mtoto. Lakini gari langu lilikuwa tupu. Nilisimama kwa mzee mmoja aliyekuwa amechuchumaa chini ya kivuli cha kibanda, nikashuka.

"Shikamoo, mzee. Mbona mnakaa chini?"

Hakunitazama. Alikuwa anatazama turubai. "Poleni," akasema.

"Niko peke yangu."

"Poleni," akarudia.

Nikaenda nyuma, nikafunua turubai mbele yake. Kulikuwa na ubao mrefu, kamba, na tairi la akiba, na harufu ya dawa iliyokauka. Mzee akaangalia ndani, akainamisha kichwa tena. Nikapanda, nikaondoka. Nilikuwa na hasira.

Kabla ya kufika Ushirombo kuna hame moja lililokuwa na uzio mzito wa minyaa. Nyumba zake zilikuwa zimeezuliwa, kuta zimeanza kulala. Mama mmoja mzee akatoka ndani ya ile minyaa, peku, kanga imekazwa kiunoni, akasimama katikati ya barabara. Nikakanyaga breki. Akapita bila kunisalimu, akaenda nyuma, akafunua turubai mwenyewe, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akaja dirishani kwangu.

"Shikamoo, mayu," nikasema, kama tunavyowaita akina mama kwetu.

"Marahaba, baba. Hamjamleta?"

"Nani?"

Alinitazama kama mtu anayemvumilia mtoto. "Haya. Mtamleta," akasema, akarudi ndani ya minyaa.

Sauti ya giaboksi ilinitangulia nyumbani. Nilipokata kona ya Kalangalala nilimkuta mke wangu nje, mikono kichwani, majirani wamesimama nyuma yake, na mmoja wao ameshaanza kulia.

"Ni nani?" mke wangu akaniuliza.

"Nani vipi?"

"Uliyembeba. Ni nani?"

Yeye kwao ni huko Ushirombo. Ndiye aliyeniambia, tumekaa kwenye ngazi, gari likiwa limesimama uani na kuku hawataki kulikaribia. Lilikuwa gari la hospitali moja ya serikali, la kurudisha maiti makwao. Lilimleta baba yake mdogo. Lilimleta shangazi yake. Huko kwao, sauti ile ikisikika ng'ambo ya kilima, kila nyumba inanyamaza kungoja lisimame kwa nani.

"Shinyanga nzima walijua," akasema. "Hukuuliza?"

Mnadani huulizi. Na kitu cha mnada wa serikali hakirudishwi.

Nililipaka rangi ya bluu, bluu kali ya kanga. Nikabadilisha turubai. Ubao ule nikauchoma. Haikusaidia, kwa sababu watu hawakuwa wanangoja kuliona. Nilikuwa nikipanda kilima nakuta upande wa pili wameshachuchumaa. Giaboksi niliifungua na fundi, meno yote mazima, na spea wakati ule hazikuwapo hata kwa mwenye fedha. Nilijaribu kutoingiza gia ya tatu. Gari likachemka, nikarudi kwenye gia ya tatu.

Abiria nilimpata mmoja, mchimbaji kijana aliyetoka mbali, hajui habari zetu. Alipandia Katoro na kifurushi chake. "Gari zima peke yangu," akasema. "Leo mimi waziri, mzee. Endesha taratibu wananchi wanione."

Kijiji cha kwanza watu walichuchumaa, akawapungia akicheka. Cha pili hakupunga. Cha tatu akagonga bodi kwa nguvu.

"Nishushe."

"Hujafika bado."

"Nishushe, mzee. Wakivua kofia wananitazama mimi."

Akashukia porini. Nilimwona kwenye kioo, anajipapasa kifua na mikono, kama anayehakikisha vyote vipo.

Nyumbani tulikuwa tumeanza kula mihogo mchana na usiku. Na kila nilipopita kwenye lile hame, mama yule alitoka kwenye minyaa, akafunua turubai, akaja dirishani. "Hamjamleta?" Siku moja nikazima gari, nikashuka, nikakaa chini kwenye vumbi mbele yake.

"Mayu, niambie mnayemngoja. Mimi si mtu wa hospitali. Mimi nimenunua gari."

Akakaa naye. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume. Mtoto huyo aliugua, akapelekwa hospitali Shinyanga. Akiwa huko, huku nyuma ikaja amri ya kuhama, wakahamishiwa kijiji kipya ng'ambo ya msitu. Mchana mmoja mama akiwa kijijini akasikia sauti ya gari hili kwa mbali, imekuja mpaka usawa wa boma lake la zamani, ikanyamaza. Kisha honi. Honi tena, na tena. Akajua. Alikimbia kwenye msitu, na alipotokea hapa akakuta vumbi tu barabarani, na sauti inarudi Shinyanga.

"Hawakujua nimehamia wapi," akasema. "Ndiyo maana nimerudi kukaa hapa. Wakija tena wanikute."

"Mayu, umekaa hapa tangu wakati ule?"

"Nitakwenda wapi, na yeye yuko njiani?"

Sitasema nilifanya kwa huruma. Nilitaka gari langu lipate abiria. Nilimwambia, "Panda, twende tukamchukue." Akaingia kwenye boma, akatoka na shuka jeupe lililokunjwa, ambalo lilikuwa linamngoja kijana, akapanda nyuma.

Shinyanga haikuwa kazi kumpata dereva wa zamani wa gari lile. Nilizunguka tu mtaani na gia ya tatu. Mzee mmoja akatoka uani kwake, sabuni ya kunyolea bado iko shavuni, akavua kofia. Nikamweleza. Alimtazama yule mama, akachutama mbele yake.

"Nilipiga honi, mama," akasema. "Nilipiga mpaka betri ikalegea."

"Nilikusikia, mwanangu."

"Hapakuwa na mtu. Nyumba hazina paa. Siwezi kumwacha mtu kwenye nyumba isiyo na paa."

Alitupeleka kwenye makaburi ya wasio na ndugu. Mafungu ya udongo yalikuwa yanafanana yote, hayana jina. Moja tu lilikuwa na mnyaa umeota, mrefu kama mtoto wa shule. Dereva alisema siku ile, alipokuwa anapiga honi, alivunja tawi kwenye uzio wa boma, akaja akalichomeka hapo, ili siku moja mtu wa kwao akifika autambue. Mama alishika mnyaa ule, akautazama wote, chini mpaka juu. "Ni wa kwetu," akasema.

Kwao aliyezikwa mbali hurudishwa kwa udongo wake. Alichota kwa mikono yake mwenyewe, akaweka kwenye shuka, akafunga. Akaukata mnyaa kipande, akakiweka juu. Hakutaka kukaa mbele nami. Alikaa nyuma, kifurushi mapajani.

Sasa hili ninalolisema, asiyetaka kuamini asiamini, mimi ndiye niliyekuwa nimeshika usukani. Giaboksi ilikuwa inalia vilevile. Tulipofika Isaka, wapakiaji hawakutua magunia. Mmoja akaniinulia mkono akapaza sauti, "Mzee, Kahama mnafika?" Mwenye baiskeli akatupisha bila kushuka. Wanawake wa kisimani walitutazama tu, ndoo kichwani, mmoja akimcheka mwenzake. Kila kijiji watu walikuwa wamesimama, wananyosha mikono, wanataka kupanda. Safari zote nilizobeba hewa walikaa chini. Siku niliyombeba mtu, hakuna aliyevua kofia.

Nikaogopa kuliko siku zote. Niligeuza kichwa nikatazama nyuma kupitia kwenye kidirisha. Mama alikuwa amefungua pembe ya turubai, anawatazama wale watu.

"Mayu, hawakai chini," nikasema.

"Hawana haja," akajibu. "Sasa wanamwona anarudi."

Habari za safari yetu zilikuwa zimetutangulia: katekista wa kijiji kipya alikuwa ameshafika kwenye boma, na mke wangu pia, alikuja kwa miguu kutoka kwa ndugu zake Ushirombo, alikokuwa amekwenda. Tuliuzika ule udongo ubavuni mwa kaburi la baba wa kijana, kati ya kuta zilizolala, katekista akasali, na mama akachomeka kile kipande cha mnyaa kichwani. Kisha akaingia kwenye ile nyumba isiyo na paa, akatoka na sufuria moja na jembe. Hivyo tu ndivyo alivyokuwa navyo.

"Nipelekeni kijijini," akasema.

Mke wangu akapanda nyuma pamoja naye. Ilikuwa mara ya kwanza kupanda gari lile. Na wengine waliokuja mazikoni wakapanda, mpaka springi zikalalamika.

Lile gari lilitulisha miaka mingi. Nilinunua tena ng'ombe, nikaongeza vyumba. Giaboksi sikuitengeneza kamwe, hata spea zilipopatikana. Ila kila nilipofika usawa wa lile hame, ambapo minyaa ilikuwa imekua ikafunika kuta zote, nilikuwa nashusha gia, navua kofia, naiweka mapajani mpaka nipite.

Siku moja abiria aliyekaa mbele nami, mgeni, aliniona. Akatazama nje, akatazama nyuma kwenye turubai, akanong'ona, "Mzee, tumebeba maiti?"

"Hapana," nikamwambia. "Yule tulishamfikisha."