Moshi wa Marselino

Marselino alifanya kazi kwenye pantoni ya mto Kilombero tangu hajaota ndevu mpaka zilipoota na kugeuka nyeupe. Kazi yake ilikuwa kuvuta kamba. Watu walipanda upande wa Ifakara wakashukia upande wa Mahenge, na wengine wakavuka kurudi: mapadri, wafanyabiashara, maharusi, wagonjwa kwenye machela. Kila mmoja alikuwa na safari yake. Marselino peke yake hakuwa na safari. Alikuwa akigusa ng'ambo na kurudi, akigusa na kurudi.

Alipostaafu, mnamo mwaka 1956, walimpa mkono wakamwambia akapumzike. Akajaribu kupumzika, lakini hakuweza. Kutoka shambani kwake Katindiuka aliiona milima ya upande wa magharibi, na juu ya kijiji cha Mbingu kulikuwa na kilele kimoja chenye upara wa mawe. Maisha yake yote alikuwa amekitazama kwa jicho la pembeni, mikono ikiwa kazini. Sasa mikono ilikuwa mitupu, naye akakitazama sawasawa.

"Nitapanda kile," alisema siku moja barazani kwa Kasmiri, fundi cherehani wa Mlabani, mtu mwenye mdomo usiolala.

Kasmiri aliachia pedali. "Mzee Marselino, wewe umezeekea kwenye tambarare. Hata ngazi ya kanisani unaipanda kwa kushika ukuta!"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Marselino alichukia, na chuki ile ndiyo iliyomponza. Akatamka mbele yao wote kwamba akifika juu atawasha moto, na moshi wake watauona hapohapo walipokaa. Usipoonekana, wamwite mwongo mpaka kaburini.

Mkewe, Balbina, aliposikia, aliweka mchi chini. "Baba Theodosia, ukivunjika mguu huko nani atakushusha?"

"Sijawahi kufika mahali, mama," alisema. "Nimefikisha watu tu."

Balbina alimfungia unga na samaki mkavu.

Alichagua mwisho wa kiangazi, kwa kuwa njia zimekauka na majani ni mafupi. Lilikuwa wazo la busara, ila huo ndio wakati bonde zima linachoma mashamba kungoja mvua. Mtu aliyezaliwa hapo angepaswa kulikumbuka hilo kabla ya kuahidi moshi. Marselino hakulikumbuka, na Kasmiri, kwa maneno yake yote, naye hakulikumbuka.

Huko Mbingu alimpata Hermenegildi, mrina asali, ambaye alimpitisha msituni hadi kwenye mizinga yake. "Kukusindikiza kwangu kunaishia hapa, mzee," alisema. "Nina nyuki wangu. Wewe fuata mgongo huu wa mlima."

Miguu ya Marselino ilikataa mapema. Hapo akagundua kwamba mikono yake bado ni ileile. Akawa anakamata mti, anajivuta. Anakamata mwingine, anajivuta, kama alivyovuta ile pantoni, isipokuwa sasa mzigo alikuwa yeye mwenyewe. Alilala njiani, akaamkia hapohapo, akaendelea kujivuta. Jua lilipokuwa juu alitokea kwenye mawe. Hapakuwa na mti wa kushika tena. Alikuwa amefika, na alifurahi mpaka akaona haya, ingawa hapakuwa na mtu wa kumwona.

Akakusanya kuni, akawasha, akatupia majani mabichi. Moshi ukatoka mzito, ukalala juu ya mawe. Kisha akageuka kulitazama bonde.

Hakuona bonde. Chini kulikuwa na ukungu wa moshi kila upande, moto huku, moto kule, mto haupo, Ifakara haipo. Kama yeye hawaoni, wao watamwonaje? Akakaa chini. Jambo hilo lilimuuma sana.

Aliporudi Mlabani akichechemea, Kasmiri alikuwa akimngoja. "Mzee, tumekodoa macho mpaka yakatoka machozi. Moshi wako hatukuuona. Hata mlima wenyewe hatukuuona!"

"Nilifika," alisema Marselino.

"Twende tukamuulize Mama Theodosia. Yule hasemi uongo."

Wakaenda. Shamba la Katindiuka lilikuwa jeusi, limechomwa lote. Balbina alimtazama mumewe, jinsi magoti yalivyochubuka na viganja vilivyochanika.

"Niliuona," alimwambia Kasmiri. "Mwembamba, umenyooka juu. Nyie mlikuwa mnatazama wapi?"

Kasmiri akaaga, akaondoka.

Marselino aliketi. "Wangu ulikuwa mzito," alisema. "Ulilala kwenye mawe."

"Ningeuonea wapi? Nilikuwa katikati ya moshi, nachoma shamba, macho yote machozi."

"Sasa mbona umesema umeuona?"

"Ulifika, hukufika?"

"Nilifika."

"Basi." Alianza kupakua wali. "Na shamba nililichoma siku ile makusudi, nikijua uko juu. Nilitaka uone kwako ni wapi." Akasita na upawa mkononi. "Uliuona moto wetu?"

Marselino alikumbuka mioto ile yote, huku na kule, asijue upi ni wa nani.

"Niliuona," alisema.

Balbina akamwongezea wali.