Kipini cha Unyusi

Kadi ya mwaliko ilipomfikia, Fundi Pazia aliisoma akiwa amesimama, kisha akavuta kiti akaisoma tena. Kaka yake alikuwa anastaafu ualimu mkuu, na shule ilikuwa imemwandalia sherehe. Chini ya picha yake walikuwa wameandika: "Mlezi asiyewahi kumwinulia mtu mkono."

Alicheka peke yake, kicheko kikavu, mpaka mwenzake wa cherehani ya pili akainua kichwa.

"Kuna nini, dada?"

"Hakuna. Nimesoma kichekesho."

Jina la Fundi Pazia alipewa na wateja, kwa sababu hakuna nyumba aliyoingia asiyatazame madirisha kwanza. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa kauli, mwepesi wa kusaidia. Waliomfahamu wangeapa kwamba hana kinyongo na mtu. Hawakujua. Kila asubuhi, kabla ya chai, alisimama mbele ya kioo akachora kwa wanja kipande cha unyusi wa kushoto ambapo nywele zilikataa kuota juu ya kovu, na kila asubuhi alimwombea kaka yake mabaya. Mara meno yamtoke yote kwa mpigo, mara gari limzimikie mvuani akiwa amevaa suti. Halafu alifunga kikopo cha wanja akaenda kazini.

Kovu lile alilipata akiwa msichana wa sekondari. Baba yao alikuwa amefariki, na kaka, aliyekuwa ndio kwanza ameajiriwa, akajivika ubaba. Jioni moja alimkuta dada yake getini akicheka na kijana wa jirani. Alimvuta ndani kwa mkono, akafungua mkanda wa suruali, akaushika upande wa ngozi na kuuzungusha. Chuma cha kufungia mkanda kikampasua juu ya jicho.

Kwenye zahanati, muuguzi alifungua kinywa kuuliza, lakini mama akamtangulia: "Amegonga mlango." Na njiani kurudi nyumbani akamwambia binti yake, "Funika kombe mwanaharamu apite, mwanangu. Kaka yako ndiye tuliyebaki naye."

Kombe likafunikwa. Labda angekuja kusahau kama kaka mwenyewe angenyamaza. Lakini kaka alipenda kuchekesha watu, na kila ukoo ulipokutana alikuwa na lake: "Huyu dada yangu, hata milango ina ugomvi naye!" Watu wanacheka, mama anatazama chini, na Fundi Pazia anatabasamu kama mtu anayemeza kidonge bila maji. Mtenda husahau, lakini huyu hata hakusahau, aliligeuza kuwa mzaha.

Siku ile ya kadi alikumbuka jambo. Miezi michache nyuma alikuwa juu ya ngazi akitundika pazia kwenye saluni, katika chumba cha kutoboa masikio na pua. Alimsikia mtoboaji akimwonya msichana aliyetoka kutobolewa unyusi: "Usipake wanja wala poda hapo mpaka papone. Ukipaka, utaoza."

Alirudi saluni ile kesho yake.

Mtoboaji, mwanamke mnene mwenye kipara kilichong'aa, alimtazama kuanzia viatuni hadi kitambaa cha kichwani. "Mama, ni wewe au umemleta binti?"

"Ni mimi. Ingia kazini."

Alifuta wanja kwa kitambaa cha maji na kuonyesha mahali. Mtoboaji akasogeza taa.

"Hapa pana kovu. Kwenye kovu lenyewe sitoboi, nyama yake haishiki vizuri. Nitatoboa pembeni yake."

"Kipini kitalificha au kitalionyesha?"

"Kitalionyesha. Atakayetazama kipini ataliona kovu."

"Basi hapo hapo."

Mtoboaji aliweka alama mbili kwa kalamu, akarudi nyuma kuzitazama, akafuta moja na kuiweka upya. Kisha, huku akivaa glavu, akauliza kama mtu anayeuliza saa: "Nani alikuumiza?"

Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. Walimwuliza alianguka wapi.

"Kaka yangu," alisema, akashangaa jinsi maneno yalivyotoka mepesi.

Mtoboaji hakumpa pole. "Vuta pumzi. Itoe polepole."

Sindano ikapita. Maumivu yalikuwa mafupi na makali, kama pale sindano ya cherehani inapouma kidole, na hayo alikuwa ameyazoea. Jicho la kushoto lilitoa machozi lenyewe, la kulia likabaki kavu. Kwenye kioo aliona kijiti cha chuma kilichopinda, tone dogo la damu, na pembeni yake mstari mweupe wa kovu, wazi kama njia ya mguu katika nyasi. Alijitazama kwa muda mrefu. Alijipenda.

Siku ya sherehe aliingia ukumbi wa shule nywele amezibana nyuma zote. Vichwa viligeuka. Mama mdogo akamshika mkono. "Mwanangu, umeingiwa na nini uzeeni?"

"Kipini tu, mama mdogo."

Akaenda kuketi safu ya mbele, kando ya mama yake. Mama alitazama unyusi ule mara moja, akageuza uso, akaanza kukunja na kukunjua leso yake.

Fundi Pazia hakuwa amepanga hotuba. Alikusudia kukaa pale tu, aulizwe na mmoja mmoja, naye amjibu kila mmoja. Lakini kaka, kipaza sauti mkononi, katikati ya shukrani zake akamwona, na ulimi wake wa mzaha ukamponza.

"Mnamwona dada yangu?" alisema. "Milango ilimtoboa bure, sasa ameenda kutobolewa kwa hiari!" Ukumbi ukaangua kicheko. Akashuka jukwaani, akamwekea kipaza sauti mdomoni. "Hebu tuambie, dada. Uso wote huo, kwa nini hapo?"

Dada akakichukua kipaza sauti, akasimama.

"Kaka ameuliza, nami namheshimu, nitamjibu. Hapa pana kovu. Mmekuwa mkiambiwa ni mlango. Ulikuwa mkanda wake, upande wa chuma. Kosa langu nilikuwa nacheka. Tangu siku hiyo napaka wanja ili yeye asiaibike, na sasa aliyenitoboa amenikataza wanja."

Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha akagundua yuko peke yake.

"Dada yangu na utani wake!" kaka alisema. Akamgeukia mama. "Mama, wewe ulikuwepo. Waambie."

Leso ikatulia. "Mlango ulikuwa wazi," mama alisema. "Ningefanya nini? Nilisema mlango, lakini ulikuwa wazi, hakuugonga."

Hakuwa na kipaza sauti, ila safu ya mbele ilisikia, na safu ya mbele ikaiambia ya pili. Mshereheshaji akakurupuka kutangaza chakula kabla ya wakati wake. Kwenye foleni, dereva wa basi la shule, mtu mzima aliyesomea hapo hapo chini ya kaka, alimsogelea Fundi Pazia akanong'ona: "Mkanda ule wenye chuma cha mraba?"

"Huo huo."

Dereva akatikisa kichwa, akaenda kula mbali na meza kuu.

Fundi Pazia alidhani moyo ungemuuma. Haukumuuma. Alikula sahani nzima, akaongeza.

Wiki iliyofuata kaka alikuja karakana, bila mzaha. Alisimama katikati ya majora ya vitambaa kama mteja asiyejua vipimo vyake.

"Mke wangu ananihoji usiku na mchana. Wanafunzi wa zamani wanapigiana simu. Sema ulikuwa unatania, yaishe. Damu ni damu."

"Damu naijua, kaka. Niliifuta sakafuni mwenyewe."

"Unataka nikuombe msamaha?"

"Omba. Sijasema nitakupa."

"Sasa unataka nini?"

Alifikiri kwa dhati kabisa, kwa sababu swali lilikuwa zuri. "Nataka uulizwe," alisema. "Kila utakapokwenda, mtu akuulize. Mimi nimeulizwa vya kutosha."

Kaka akatoka. Mwenzake Fundi Pazia, yule wa cherehani ya pili, alijifanya anatafuta mkasi.

Jioni mama alipiga simu kuuliza kama kidonda kinakauka.

"Kinakauka," Fundi Pazia alijibu. Mama naye alikuwa na lake la kujibu, ila zamu yake ilikuwa bado. Alikata simu, akachemsha maji ya chumvi, akasafisha unyusi wake taratibu, huku akiimba.